Dobi Aliyenyoosha Dola

Kama uliwahi kumpa noti iliyokunjwa, unakumbuka alivyoipokea. Hakuishika mara moja. Aliitazama kwanza ikiwa bado mkononi mwako, kisha akakutazama wewe, kisha akafuta vidole kwenye suruali na kuichukua kwa ncha, kama mtu anayemtoa kifaranga kwenye matope. Halafu akauliza, "Nani amekufanyia hivi?" Hakuamini kwamba mtu mwenye akili zake timamu anaweza kukunja dola kwa mkono wake mwenyewe.

Pale mtaani kwetu Ujiji tulimwita Dobi tu. Jina alikuwa nalo, kanisani walilijua, lakini sioni sababu ya kulichimbua. Wala sianzi na alikozaliwa. Wapo waliosema katokea ng'ambo ya ziwa, wapo waliosema ni wa hapa hapa ila Kiswahili chake ndicho kilichotokea ng'ambo. Mwenyewe ukimuuliza, alikujibu kwa kukuuliza kama umeleta nguo au umekuja kuhesabu watu. Mimi biashara yangu ni vitenge. Navifuata Uvira kwa njia ya nchi kavu, napitia Burundi, na kwa miaka mingi kila safari yangu ilianzia kwenye meza yake ya pasi.

Asiyevuka mipaka anadhani pesa ni pesa tu. Ngoja nimweleze. Ukipanda milimani kufika mpaka wa kwanza, upande wetu shilingi bado ina heshima yake. Ukishavuka kizuizi, hata kwenda chooni wanataka faranga ya Burundi. Ukifika mpaka wa pili, ule wa kuingilia Uvira, miaka ile visa ililipwa kwa dola, na faranga ya nchi yao wenyewe ukiisogeza dirishani wanakutazama kama umewatukana. Na si dola yoyote. Iwe ile ya kichwa kikubwa, toleo jipya. Ya kichwa kidogo rudi nayo kwenu. Isiwe na mkunjo uliochubua rangi, isiwe na doa, isichanike hata kwa kiasi cha punje ya mchele. Mimi nilisafiri na vipochi vitatu, kila pesa na chake, na dola nikazilaza kifuani katikati ya makaratasi magumu ya boksi la viatu. Njia nzima nilikaa wima kama bibi harusi.

Sasa mchukue mama wa mtaa wa Rusimbi anayekwenda kumwona ndugu yake kule. Maisha yake yote pesa ameifunga kwenye pindo la kanga. Anaikunja, anaikunja tena, anapiga fundo, anakaza kwa meno. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake. Umpe dola, ataifunga vile vile, tena kwa kuwa ni dola atakaza zaidi. Akifungua fundo mbele ya dirisha, kinachotoka ni kitu kama jani la mgomba lililofungiwa ugali. Wakubwa kwa wadogo tumewaona wamama hao wakirudi na mizigo yao kichwani, wamekataliwa na dirisha, wala hawajui wamekosa nini. Mmoja alimlilia Dobi mezani, na nadhani ndipo kazi ile ilipoanza.

Hakutoza kitu. Nguo alizitoza, tena mkaa aliuonea uchungu kama mtoto, lakini dola alizinyoosha bure. Pasi yake ilikuwa ya mkaa, ile yenye jogoo mbele kwenye komeo. Aliisogeza karibu na shavu ajue joto. Akailaza noti kati ya vipande viwili vya shuka kuukuu, akaweka pasi juu, akaiacha. "Hapa pasi haitembei," alikuwa akisema. "Inakaa. Ukiisukuma unaivuruga sura." Na sheria yake kuu ilikuwa moja: noti haipati maji, haipati sabuni. "Nguo ukiikosea unairudia. Hii ukiikosea umemkosesha mutu safari yake."

Mchungaji mmoja alimletea noti iliyobandikwa gundi ya karatasi katikati. Dobi aliitazama muda mrefu, akamwambia, "Baba Mchungaji, huyu si mgonjwa. Huyu ni marehemu." Mchungaji alicheka, lakini alikwenda nayo hivyo hivyo mpaka mpakani, na kesho yake jioni tukamwona anarudi.

Siku nyingine alikuja kijana wa Kizungu, kanyeshewa mvua juu ya pikipiki kutoka Ilagala, na pesa yake yote ilikuwa mfukoni mwa kaptula. Dobi akazianika noti kwenye kamba, kwa vibanio, katikati ya sare za shule za watoto wa jirani. Mtaa mzima ulitoka kutazama. Yeye akakaa chini ya kamba na fimbo ya kufukuzia kuku, hasogei mtu. Mzungu akauliza zitakuwa tayari lini. Dobi akamjibu vile vile alivyomjibu kila mtu tangu nimfahamu.

"Kesho."

Hili nalo lazima niliseme, maana simsifii marehemu wala mtakatifu. Dobi alikuwa mwongo wa kesho. Suruali yako ya msibani, kesho. Kanzu ya Ijumaa, kesho, na ilhali leo ni Ijumaa. Ukifika hiyo kesho unaikuta nguo yako bado imelowekwa, naye anakuapia kuwa ilikauka ikaanguka ikabidi airudie. Dola peke yake ndizo zilizotoka siku ile ile, hata za yule Mzungu aliyeambiwa kesho. Kwa mengine yote alikupa kesho kwa sura ya upole kabisa, na nadhani wakati anaitamka aliiamini. Watoto walimwimbia "Dobi Kesho," naye akawatupia maji ya sabuni huku anacheka.

Tena huyu mtu aliyeshinda na maji mpaka kwenye viwiko aliliogopa ziwa. Hakupanda boti, hakupanda mtumbwi, hata samaki alimtuma mtu amnunulie bandarini Kibirizi badala ya kufika ufukweni. Nilimuuliza sababu, akasema maji ya beseni yanajua mwisho wake. Basi akitaka kwenda ng'ambo, njia yake ilikuwa moja, ile yangu ya nchi kavu, ya milimani na madirisha.

Na kwenda alitaka. Alikuwa na binti kule Uvira. Mke wake alimchukua akarudi naye kwao akiwa bado mdogo, kichwa kinafika usawa wa meza ya pasi. Pale kwenye ukingo wa meza, blanketi lilikuwa na sehemu iliyochakaa kuliko kwingine, naye aliniambia ni pale binti alipokuwa akiegemea kidevu. Aliongea naye kwa simu Jumapili baada ya misa. Mtaa mzima tulisikia, maana aliongea na simu kama anamwita mtu aliye ng'ambo kweli. "Nitakuja, mama. Mwezi huu ukiisha. Mara mkaa ukishuka bei. Kesho kesho hivi." Mimi nilimpelekea binti vitu vyake: magauni yaliyonyooshwa, sare za shule, baadaye blauzi za mtu mzima. Kila safari binti aliuliza, "Na yeye?" Nami nilitazama pembeni.

Halafu binti akachumbiwa. Wakwe wakataka baba mwenyewe akae, apokee mahari, aseme mbele ya watu kuwa amemtoa. Binti akampigia simu, na safari hii yeye ndiye aliyeongea kwa sauti kubwa. Alisema, "Baba, sitaki nguo. Sitaki kesho. Nataka wewe kwenye kiti. Usipokuja, usinipigie tena." 

Alijiandaa kwa namna ambayo sikuwahi kumwona nayo. Akahangaikia pasipoti mpaka akaipata. Akauza pasi yake ya pili. Akanunua noti moja kubwa kwa mbadilisha fedha, akaja kunionyesha, kichwa kikubwa, nyoofu, haina kasoro ila alama ndogo ya kalamu pembeni, tarakimu moja ambayo mtu wa sokoni aliiandika akihesabu pesa zake. Nikamwambia haina neno, watu wanapita na zenye alama zaidi ya hiyo. Akasema sawa. Kwa zawadi akachukua mashuka mawili meupe, akayatia wanga, akayanyoosha mpaka yakawa kama karatasi.

Tuliondoka asubuhi pamoja. Koti lake la suti alilitundika kwenye dirisha la gari, na kila tukipita kona huko Kalinzi, kwenye ukungu na migomba na kahawa, alilishika lisigonge kioo. Mpaka wa kwanza ulitupitisha bila matata. Tukalala Bujumbura kwa mwenzangu wa biashara, na asubuhi ya Jumamosi tukawa mbele ya dirisha la pili. Sherehe ilikuwa mchana wa siku hiyo hiyo.

Akaniambia nitangulie, nimwonyeshe namna ya kuongea na dirisha. Nikalipa ya kwangu, ikaingia kwenye droo, nikagongewa muhuri. Yeye akavaa koti lake pale pale nje. Akatoa noti kutoka kwenye makaratasi yake magumu akaiweka dirishani kwa mikono miwili.

Aliyekuwa ndani alikuwa kijana mpole, wala simlaumu. Aliigeuza noti, akaipapasa, akaipenda, nilimwona anaipenda. Kisha akatoa kitochi kidogo cha mwanga wa zambarau akaimulika. Noti nzima ikawaka buluu.

"Papa," akasema, "hii haipiti. Ya kweli inawaka mstari mmoja tu. Hii inawaka yote. Ulifua?"

Dobi angeweza kusema hapana. Maisha yake yote alikuwa na jibu la kupoza mambo.

"Nilifua," akasema.

Nilidhani sijasikia vizuri. Nikamgeukia. "Umefanya nini?"

"Ile alama, Mama Zuhura. Niliiona usiku na mchana. Nikasema wataikataa kwa ile alama. Nikatia sabuni kidogo tu, ile ya kung'arisha mashuka. Nilitaka isiwe na neno."

Nilikasirika, nasema wazi. Nilimfokea mbele ya watu, mtu aliyenizidi umri, na yeye akainamisha kichwa kama mwanafunzi. Kisha nikamfokea kijana wa dirishani. Akajibu taratibu, "Mama, nikiipokea, benki wataikataa, na mimi ndiye nitakayekatwa mshahara." Nikamwaga vipochi vyangu; dola nilikuwa na moja tu, ile iliyokwisha kuingia kwenye droo. Shilingi, hapana. Faranga za Burundi, hapana. Faranga za kwao, ambazo ndizo mtaji wangu wa vitenge, akazisukuma kwa kidole. Nikakimbilia wabadilisha fedha waliokaa nje na miavuli yao. Wa kwanza alikuwa na kichwa kidogo. Wa pili alikuwa na noti nzuri ila kona imechanika, tuliipeleka, ikarudi. Wengine wakasema tusubiri mwenzao anakuja, na huyo mwenzao hakuja. Mchana ukafika pale pale. Simu ya Dobi ikaanza kulia.

Aliiweka sauti ya nje, sijui kwa nini. Labda alitaka nimsaidie.

"Baba, watu wamekaa. Uko wapi?"

"Niko hapa mpakani, mama. Hapa hapa. Noti yangu wameikataa."

Kulikuwa na kelele za wanawake nyuma yake, wanaimba. 

"Noti," akasema. "Baba, wewe unanyoosha noti za watu wote wa Ujiji. Leo ya kwako ndiyo imekataliwa?"

Nikampokonya simu. Nikamwambia mwanangu, wallahi, mimi ninayekuletea nguo, nimesimama naye, nimeona kwa macho yangu.

"Mama Zuhura," akasema, "na wewe amekufundisha?"

Mjomba wake ndiye aliyekaa kwenye kiti. Mimi nilivuka, kwa kuwa muhuri wangu ulikuwa umeshagongwa, nikapeleka mashuka. Binti aliyapokea kwa mikono miwili, akayaweka juu ya kochi bila kuyafungua, akaniuliza kama nimekula. Nilimweleza habari ya sabuni tangu mwanzo. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwambie asikuje." Niliporudi mpakani jioni, Dobi alikuwa amekaa juu ya jiwe na koti lake limekunjwa mapajani. Nilimwambia. Kudanganya kungesaidia nini?

Baada ya hapo alipiga simu Jumapili kadhaa, akaiacha ilie, akaacha kupiga. Lakini noti ile hakuitumia. Nilimshangaa. Sokoni kwetu hakuna mwenye kitochi cha zambarau. Ile ni dola kama dola nyingine, mtu yeyote angeipokea. Alikuwa amelipa kodi ya kibanda kwa taabu, pasi yake imepasuka mpini, na noti imelala kwenye makaratasi yake magumu chini ya blanketi la meza, pale pale penye alama ya kidevu. Nikamwambia, mzee, itumie, ununue pasi.

"Hii ndiyo shahidi wangu," akanijibu. "Siku nikionana naye, nitaimulika mbele yake, aone inavyowaka. Nikiitumia, nitamwonyesha nini?"

Aliendelea kunyoosha dola za watu, bure kama zamani, ila sasa alikuwa akimuuliza kila mmoja, "Hukuifua?" Na nguo zilianza kutoka siku ile ile. Neno kesho sikulisikia tena mdomoni mwake. Wateja walifurahi, mimi sikufurahi.

Kisha vita vikashuka upande ule wa ziwa, na watu wakatawanyika. Namba ya binti ikawa haipatikani. Maboti yakaanza kuleta watu Kibirizi, na magodoro, na sufuria, na watoto wamevishwa nguo zote walizonazo kwa mpigo. Mtu akaniambia, nenda ukamwone Dobi. Nikamkuta ufukweni. Mtu yule aliyeogopa hata harufu ya ziwa alikuwa amesimama majini mpaka magotini, makaratasi yake magumu kifuani, anatazama uso wa kila mwanamke anayeshuka. Picha ya binti aliyokuwa nayo kwenye simu ilikuwa ya zamani, akiwa na sare. Alikuwa akiwauliza kwa lugha yao, "Huyu, mumemuona?" Wengine walisema labda. Mmoja alisema familia ile ilikimbilia kusini. Mwingine alisema nyumba ile haipo. Alirudi siku nyingi, nilipoacha kwenda mimi yeye bado alikuwa anakwenda.

Siku hizi wanasema sisi wa nchi hizi jirani hatulipi tena visa pale mpakani. Unagongewa muhuri unapita. Habari hiyo mimi ndiye niliyempelekea, kwa furaha ya kijinga, kabla sijafikiri. Alikuwa anatia mkaa kwenye pasi. Akasema, "Ni vizuri." Akapuliza. "Watu watapumzika." Akaendelea kupuliza mpaka macho yakatoka machozi ya moshi, au mimi niliamua ni ya moshi.

Dola nazo hazikuja tena. Kibanda cha pili kutoka chake kijana kafungua na pasi ya umeme, ananyoosha mashati wakati unasubiri. Meza ya Dobi ikawa inapata mashuka ya misiba na kanzu za wazee waliomzoea.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa mwezi uliopita. Alikuja mwenyewe dukani kwangu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akasimama mlangoni kwenye vitenge vilivyoning'inia.

"Shikamoo, Dobi."

"Marahaba, mama. Una shilingi?"

Akatoa makaratasi magumu, akayafungua, akaiweka noti juu ya kaunta. Ilikuwa nyoofu kama siku ile. Nilimtazama. Nikauliza, nikiwa sitaki kujibiwa, "Si ulisema ni shahidi wako?"

"Wa kesi gani, mama?"

Hakusema kwa uchungu. Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza saa. Ningependa angelia, ningejua la kufanya. Nikafungua droo nikamtolea shilingi, nikamwongezea, hakuhesabu, hakuona kama nimeongeza. Makaratasi yake magumu akaniachia juu ya kaunta, akasema labda yatanifaa kwa vitenge.

Kisha akazikusanya noti zote za shilingi kwa pamoja, akazikunja katikati, akazikunja tena, akazikaza kwa kidole gumba, akazisukuma mfukoni mwa suruali. Mdomo wangu ulishafunguka kumwambia alichotuambia sisi sote miaka yote ile: usikunje. Nikaufunga. Akaniaga, akashika njia ya kwake, mkono bado mfukoni.